Kansa ya Unyayo: Tiba Mbili Zisitenganishwe



Mkata miwa, mchuma chai, mpakiaji wa magunia na fundi wa kiwandani, wote husimama juu ya nyayo zao kutwa nzima. Mguu ndio mtaji wa kwanza wa mfanyakazi. Lakini ukisoma mikataba mingi iliyotiwa sahihi na waajiri utakuta mshahara, posho, nyumba na likizo, mguu hautajwi. Leo tunataka kuzungumza juu ya ugonjwa mmoja unaoanzia hapo, na jinsi unavyotibiwa siku hizi, maana tiba yake sasa ni jambo la haki ya mfanyakazi.

Ugonjwa huo ni kansa iitwayo melanoma. Hutokana na chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Wazungu huipata zaidi sehemu za mwili zinazochomwa na jua. Sisi watu weusi tunaipata kwa uchache kuliko wao, lakini inapotupata hupenda kujificha: chini ya unyayo, katika kiganja, au chini ya ukucha. Jua halina kazi kubwa hapo. Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa Uganda. Mwaka 1967 daktari M. G. Lewis alichapisha uchunguzi wake juu ya melanoma na madoa ya rangi katika nyayo za watu wa nchi hii. Mwaka huo huo Taasisi ya Kansa ya Uganda ilianzishwa Mulago. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba huu ni ugonjwa wa kigeni.

Wengi wenu mnamfahamu Bob Marley, aliyeimba katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe, Aprili 1980. Kansa hii ndiyo iliyomwua. Iligunduliwa mwaka 1977 katika kidole gumba cha mguu wake. Baadaye ilisambaa mwilini hadi ubongoni, naye akafariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Hakukosa fedha wala madaktari. Lakini siku zile, ugonjwa ukishatoka kidoleni ukaingia mwilini, dawa zilizokuwapo zilisaidia kidogo sana.

Leo hali imebadilika, na mabadiliko hayo yafaa yaeleweke na kila mfanyakazi.

Wataalamu waligundua kwamba chembe za melanoma mara nyingi huwa na kasoro katika jeni moja, yaani moja ya maagizo yaliyomo ndani ya chembe. Jeni iitwayo BRAF ikiharibika, chembe huamriwa kuzaliana bila kukoma. Ndipo zikatengenezwa dawa za shabaha. Hizi ni vidonge vinavyoizuia amri hiyo mbovu. Marekani iliruhusu vemurafenibu mwaka 2011, na mwaka 2014 ikaruhusu dabrafenibu na trametinibu zitumiwe pamoja. Uvimbe uliokuwa ukikua kila wiki ulianza kunywea.

Lakini tusidanganyane. Vidonge hivi peke yake havimalizi kazi kwa wagonjwa wengi. Matokeo ya wagonjwa waliotumia dabrafenibu na trametinibu pamoja yalitolewa mwaka 2019. Baada ya miaka 5, wagonjwa 34 katika kila 100 walikuwa hai, na hilo ni jambo kubwa kwa ugonjwa huu. Ila waliokuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele walikuwa 19 tu katika kila 100. Kwa wengine kansa ilijifunza kuizunguka dawa.

Kila mfanyakazi wa shamba analijua jambo hili. Ukipiga dawa ya magugu shamba zima, majani yatanyauka, nawe utafurahi. Baada ya muda utaona vichaka viwili vitatu vimeikataa dawa na vinaanza kutoa mbegu. Nyapara mwenye akili hatasema dawa haifai, wala hatasema majembe yarudishwe stoo. Atampeleka mtu na jembe aving'oe vile vichaka na mizizi yake, na dawa iendelee kulilinda shamba lililobaki.

Hiyo ndiyo maana ya kuunganisha dawa za shabaha na tiba za mahali. Dawa huingia katika damu na kufika mwili mzima. Tiba ya mahali hupiga pale pale penye uvimbe: kisu cha daktari, au mionzi. Ziko na njia nyingine. Tangu miaka ya 1950 madaktari wamejua kuufunga mguu ili damu yake izunguke peke yake, kisha wakaingiza humo dawa kali ambayo mwili mzima usingeihimili. Na mwaka 2015 Marekani iliruhusu sindano ya virusi vilivyobadilishwa maabara, inayochomwa ndani ya uvimbe wenyewe.

Faida ya kuunganisha ilionekana katika jaribio lililofanyika Houston, Marekani, matokeo yake yakatolewa mwaka 2018. Wagonjwa walikuwa 21 tu, wote wenye melanoma ya BRAF iliyosambaa lakini ambayo bado iliweza kukatwa. Kundi la watu 7 lilipewa tiba ya kawaida ya siku zile, yaani upasuaji kwanza. Kundi la watu 14 lilipewa vidonge kabla ya kisu na baada ya kisu. Walipofuatiliwa kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, katika wale 14, watu 10 walikuwa hai na ugonjwa haukuwa umesonga mbele. Katika wale 7, hakuna hata mmoja. Tofauti ilikuwa kubwa hata jaribio likasimamishwa mapema. Watu 21 ni wachache, lakini somo lake linaeleweka.

Ubongoni nako ni hivyo hivyo. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba dawa hizi mbili zilipunguza uvimbe wa kichwani kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa, lakini nafuu hiyo ilidumu kama miezi 6 tu. Ndiyo sababu madaktari huongeza mionzi inayolenga uvimbe wenyewe. Nayo inataka utaratibu, kwa sababu dawa hizi zikikutana na mionzi zinaweza kuunguza ngozi vibaya. Wataalamu walishauri mwaka 2016 kwamba mgonjwa anayepigwa mionzi ya siku nyingi asimamishe vidonge siku 3 kabla na siku 3 baada, na kwa mionzi ya shabaha angalau siku 1 kila upande. Kuunganisha tiba si kumrundikia mgonjwa kila kitu kwa pamoja. Ni kazi ya madaktari wanaozungumza wao kwa wao.

Yafaa pia tuseme ukweli mwingine. Kasoro ya BRAF hupatikana katika karibu nusu ya melanoma za ngozi za Wazungu, lakini katika melanoma za nyayo hupatikana kwa uchache zaidi. Baadhi ya hizi za nyayo zina kasoro katika jeni nyingine, KIT, ambayo dawa iitwayo imatinibu huweza kuisaidia. Tena mgonjwa asiye na kasoro ya BRAF akipewa kidonge cha BRAF, dawa inaweza hata kuichochea kansa. Kwa hiyo kipimo lazima kitangulie kidonge. Na zipo dawa za namna nyingine zinazoamsha kinga ya mwili. Uchunguzi wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba hata wenye kasoro ya BRAF waliishi zaidi walipoanza na dawa hizo za kinga. Moja yake, nivolumabu, iliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2019.

Wengine watauliza: chama cha wafanyakazi kina kazi gani na mambo ya madaktari? Tunawajibu hivi. Tumewaona wenzetu wenye kidonda cha kisigino wakifungwa bendeji katika zahanati ya shamba miezi na miezi, wakiambiwa ni mwiba. Tumemwona mwenzetu ambaye mwajiri alilipia kukatwa mguu wake, kisha faili likafungwa, kana kwamba kansa ilikuwa imebaki katika mguu uliozikwa. Kulipia kisu na kukataa dawa ni kulima nusu ya shamba. Kutoa kidonge mahali pasipo na upasuaji wala mionzi ni kulima nusu nyingine. Katika hali zote mbili anayepata hasara ni mfanyakazi na watoto wake.

Tena nchi yetu inajua maana ya kukosa nusu moja. Mashine ya mionzi ya Mulago iliyoanza kazi mwaka 1995 iliharibika kabisa mwaka 2016, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Katika muda huo mwenye uwezo alisafiri, na asiyekuwa nacho alingoja.

Na bei ya dawa si amri ya Mungu. Tarehe 1 Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya India ilikataa kuipa kampuni ya Novartis hataza ya Glivec, ambayo ndiyo ile imatinibu tuliyoitaja. Viwanda vya India vikaendelea kuitengeneza kwa sehemu ndogo tu ya bei ya kampuni. Kidonge kinatengenezwa na wafanyakazi kiwandani kama sukari na sabuni. Watu waliojipanga wanaweza kuidai bei yake ishuke.

Kwa hiyo tunayataka matawi yote yaingize madai haya katika majadiliano yajayo na waajiri:

Kwanza, zahanati za mashamba na viwanda zikague nyayo na kucha za wafanyakazi. Kidonda au doa jeusi linalokua, lisilopona kwa mwezi mmoja, likatwe kipande kikapimwe hospitali.

Pili, ikionekana ni melanoma iliyosambaa, kipande hicho kipimwe jeni kabla ya kununua dawa yoyote.

Tatu, mkataba ulipie dawa na tiba ya mahali kama tiba moja, pamoja na nauli na likizo ya ugonjwa yenye mshahara kwa safari zote, si kwa siku ya kukatwa peke yake.

Nne, vyama vyote kwa pamoja viidai serikali inunue dawa hizi kwa wingi na kwa bei nafuu, na itunze mashine za mionzi kabla hazijafa.

Wakati madai hayo yakiendelea, kila mmoja leo jioni akitoka kazini aoshe miguu na autazame unyayo wake, kisha wa mwenzake. Ugonjwa huu ukikamatwa ungali doa, kisu kidogo mara nyingi hutosha. Ukisambaa, unataka mikono miwili. Tuidai yote miwili.

Umoja ni nguvu.