Mlima Unaotembelewa Hulindwa: Wito kwa Familia za Uluguru

Milima ya Uluguru inaanzia pale mitaa ya Morogoro inapoishia. Mji uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Bondwa, chenye minara ya mawasiliano inayoonekana kutoka karibu kila kona ya mji, kinapita mita 2,100, na Lupanga jirani yake vilevile. Kusini zaidi, Kimhandu inapita mita 2,600. Kwa kila mita 100 za kupanda, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi, hivyo joto la kileleni huwa nyuzi kama 10 chini ya lile la sokoni. Anayeondoka Bigwa au Kigurunyembe alfajiri huacha miembe na vumbi, akapita migomba na mashamba ya maharage, na kabla ya adhuhuri huwa ndani ya ukungu, kati ya miti ambayo mashina yake yamevikwa kuvumwani.

Ukungu huo ndio kazi kubwa ya mlima. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu. Ukigonga miteremko ya mashariki hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka mvua. Ndiyo maana Kinole, Tegetero na Matombo hupata mvua nyingi na kustawisha karafuu, mdalasini, pilipili manga na ndizi, wakati upande wa magharibi, kuelekea Mgeta, hupokea mvua chache zaidi na kulima kabichi, karoti, njegere na viazi. Hata siku isiyo na mvua, majani ya msitu wa juu hukamata matone ya wingu na kuyadondosha chini. Udongo uliofunikwa na majani makavu hunyonya maji hayo kama sifongo, kisha huyaachia kidogo kidogo miezi yote ya kiangazi. Msitu ukiondolewa, mvua ileile hushuka kwa siku moja ikiwa tope, na mwezi wa tisa kijito hubaki mawe matupu.

Maji ya Uluguru hayaishii Morogoro. Vijito vya upande wa mji huingia Mto Ngerengere, unaojaza Bwawa la Mindu. Mto Mgeta na mito mingine ya milima hii huunda Ruvu, ambao mitambo yake ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini hulisha sehemu kubwa ya Dar es Salaam na Pwani. Mgao wa maji uliolikumba jiji hilo mwaka 2022, Ruvu ilipopungua kwa ukame, uliwakumbusha mamilioni ya watu kwamba bomba lao linaanzia mlimani. Kwa hiyo anayeitwa katika wito huu si mkulima wa mteremkoni peke yake. Anaitwa pia mfanyakazi wa Morogoro mjini na mama wa Kimara, Dar es Salaam, anayejaza ndoo.

Misitu ya milima hii ina viumbe visivyopatikana kwingine. Uluguru ni mmoja wa mikusanyiko ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Kwa kuwa misitu yake imetengana kwa muda mrefu sana kama visiwa, kila mmoja umelea viumbe vyake. Katika msitu wa kaskazini mwa Uluguru yupo ndege mla wadudu mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na kifua cha njano, ambaye hajulikani kuishi popote pengine duniani. Kwenye miamba yenye unyevu huota maua madogo ya zambarau, ndugu wa yale yanayopandwa leo kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani. Kima na mbega wamo, na vinyonga wa aina ambazo mtoto wa mjini hajapata kuziona. Mwaka 2008 misitu hii iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, ambayo sasa iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Eneo la Bunduki, ambako kilimo kilikuwa kimeukata msitu wa kaskazini na ule wa kusini, limo katika juhudi za kuurudisha msitu ili pande hizo mbili ziungane tena.

Pamoja na utajiri huo, familia nyingi za mjini hulelewa chini ya mlima bila kuupanda hata mara moja. Mtoto hujua jina la Bondwa kwa kuiona kwa mbali, kama anavyoona picha ukutani. Tofauti yake ni mtoto wa vijiji vya mlimani vya Choma au Towelo, anayeshuka na kupanda njia hizo akiwa na mama yake aliyejitwika ndizi za kupeleka Soko Kuu la Chifu Kingalu. Huyo anajua jiwe lipi linateleza na kijito kipi hakikauki, na anajua mahali moto ulipoingia mwaka jana. Ujuzi wa namna hii hauji kwa mabango wala kwa hotuba. Huja kwa miguu. Na mtu hupata uchungu wa kitu anachokijua.

Historia ya milima hii inaonyesha pia njia isiyofaa ya kuilinda. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kusudi halikuwa baya, lakini wenye mashamba hawakushauriwa. Kazi ilikuwa ya shuruti, na mahali pengi uchimbaji ulifukia udongo mzuri wa juu na kuacha ule hafifu. Mwaka 1955 wananchi waliinuka kupinga na mpango ukaanguka. Funzo lake bado ni hai: udongo wa Uluguru hauhifadhiwi kwa amri peke yake. Huhifadhiwa na watu waliokubaliana, kila mmoja akijua faida yake na ya jirani yake.

Makubaliano hayo yanaweza kuanza kwa jambo la furaha, nalo ni familia kutembea mlimani pamoja. Njia inayofaa kwa wanaoanza ni ile ya Morningside, nyumba ya zamani iliyojengwa na Wajerumani juu ya mji, ambako watoto wenye afya hufika kwa saa chache na kurudi siku hiyohiyo. Wakati mzuri ni kuanzia Juni hadi Septemba, baada ya masika kukatika na njia kukauka. Safari huanza mapema, kabla jua halijawa kali, na ifikapo saa nane mchana kila mtu awe ameanza kushuka, maana ukungu hufunga ghafla na giza la msituni huingia kabla ya lile la mjini. Kila mmoja hubeba maji ya kutosha, chakula, koti la mvua na viatu vyenye meno. Anayeingia ndani ya hifadhi hukata kibali kwanza, na kila kundi huchukua mwongozaji mwenyeji. Mwendo hufuata hatua ya mdogo kuliko wote. Babu au bibi asiyeweza kufika juu hukaa kivulini penye kijito cha kwanza, na mara nyingi hapo ndipo hadithi nzuri za siku husimuliwa.

Safari moja kama hiyo huwaonyesha wote, wakubwa kwa wadogo, mambo manne yanayoudhuru mlima. La kwanza ni moto. Mkulima huchoma shamba kulisafisha, mrina asali huacha kijinga kinafuka, mwindaji huwasha nyasi kumtoa mnyama; upepo wa kiangazi huyamaliza mengine. La pili ni kilimo kinachoshuka mpaka ukingo wa maji. La tatu ni ukataji wa miti kwa mbao na mkaa. La nne ni takataka, hasa chupa na vifungashio vya plastiki vinavyoachwa na watembeaji wenyewe. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia Juni 1, 2019, lakini chupa bado ziko njiani, na kila moja ilibebwa na mtu aliyekuwa na mkono wa kuirudisha.

Kutokana na hayo, wito kwa wananchi una sehemu tano.

Kwanza, kila familia ya Morogoro itenge walau siku moja katika kila miezi mitatu kupanda mlima pamoja, na irudi na takataka zake na za mwingine itakazozikuta njiani.

Pili, kila mtaa, shule, msikiti na kanisa lichague njia moja au kijito kimoja cha kutunza. Si lazima kazi iwe kubwa. Mifereji midogo ya kutoa maji njiani huzibuliwa kabla ya mvua ili njia isigeuke korongo, na daraja la magogo hukaguliwa. Kundi lenye njia yake huitambua ikiharibika. Njia ya wote huwa haina mwenyewe.

Tatu, vijiji vya mlimani vipange siku za kuchoma mashamba kwa ratiba moja, chini ya kamati za mazingira za vijiji, asubuhi kukiwa hakuna upepo, majirani wakiwepo na mkanda wa kuzuia moto umekwisha kufyekwa. Watembeaji nao wasiwashe moto msituni kabisa, na wakiona moshi watoe taarifa mara moja.

Nne, vyanzo vya maji viachiwe nafasi yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu uhifadhi, ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Mahali hapo pafaa mikuyu na miti mingine ya asili inayokaa vizuri na maji, si mikaratusi, ambayo hunywa sana. Kwenye mashamba ya juu, mistari ya mabingobingo ikifuata mkingamo wa mteremko hushika udongo na hapohapo hulisha mbuzi wa maziwa, hivyo mkulima hapati hasara kwa kuipanda.

Tano, na hili ndilo linalobeba mengine, wanaokunywa maji wasaidie wanaoyatunza. Mkulima anayeacha mita 60 za ardhi kando ya kijito anaacha pia madebe kadhaa ya maharage kila mwaka. Ni haki familia za bondeni zirudishe kitu: kununua mboga na ndizi za mlimani kwa bei isiyomkandamiza aliyezibeba kichwani, kumlipa mwongozaji kijana wa kijijini ujira kamili, na kuchanga miche na nguvu kazi wakati wa kupanda. Vikundi vya Dar es Salaam vinavyopenda matembezi vina nafasi yake hapa. Jiji lao ni la kwanza kunufaika na Ruvu.

Utekelezaji hauhitaji ofisi mpya. Mkutano wa mtaa unatosha kuchagua njia na watu watatu wa kuisimamia. Mwalimu mmoja anatosha kuongoza darasa, akishirikiana na wazazi na maofisa wa hifadhi. Kazi huanza kabla ya mvua za vuli kwa kuzibua mifereji, huendelea wakati wa mvua kwa kupanda miche, na wakati wa kiangazi hugeuka kuwa doria ya moto na matembezi ya familia. Huo ni ujima ambao wazee waliujua, kila nyumba ikitoa mikono yake kwa zamu na kula pamoja baada ya kazi.

Matokeo yake yanapimika bila mashine. Kila kundi lichague mahali pamoja penye kijito chake, watoto wayatazame maji hapo mara mbili kwa mwaka, na waandike wanachokiona. Aprili, mvua ikiwa imepiga usiku kucha, wataangalia kama maji yamekuwa tope au kokoto bado zinaonekana chini. Septemba, kiangazi kikiwa kimeshika, wataangalia kama kijito bado kinatiririka. Mwaka ambao kokoto zitaonekana Aprili na maji yatatiririka Septemba, mlima utakuwa umepata walinzi wa kutosha.