Mhubiri na Haki ya Nyumba Yake

Mwaka 1852, katika bandari ya Cape Town, mmisionari David Livingstone alimsafirisha mkewe Mary pamoja na watoto wao kwenda Uingereza, naye akageuka kuelekea bara. Na ingawa sifa zake zimejaa vitabuni, mke yule alikaa huko miaka minne katika dhiki na upweke, na mwisho, baada ya kurudi Afrika, akafariki Shupanga, ukingoni mwa Zambezi, mwaka 1862.

Ada ile ya kuitoa nyumba ya mhubiri kafara kwa ajili ya kazi ingali hai miongoni mwetu: mchungaji mwenye mitaa mingi, aitwaye usiku kwa wagonjwa na alfajiri kwa mazishi, akiomba mapumziko hudhaniwa amepungukiwa na imani. Dhana hiyo ni batili. Musa, alipokuwa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, alinasihiwa na mkwewe Yethro awagawie kazi wengine, naye akatii. Na Yesu aliwaita mitume faraghani wapumzike, kwa kuwa hata wasaa wa kula hawakuwa nao.

Basi twawasihi wazee wa usharika wampe mchungaji wao siku moja ya juma isiyo na mwito, na likizo ya kila mwaka pamoja na ahali zake, na wao wenyewe washike zamu ya kuzuru wagonjwa.