MGONJWA WA KORTI SI MZIGO WA TENDA



Wako watakaouliza: mambo ya korti na matibabu yanawahusu nini watu wa reli? Twajibu kwamba yanatuhusu sana. Hakuna karakana wala stesheni isiyomjua ndugu aliyeshikwa na pombe mpaka akasimama mbele ya hakimu. Hakimu mwenye busara hamtupi gerezani mara moja. Sheria ya probesheni ya Kenya, Sura 64, yampa ruhusa kumwacha mtu huyo nje, chini ya ofisa wa serikali, kwa masharti. Akiyashika, hurudi kazini na watoto wake hula. Akiyavunja, amekwisha. Basi anayemwangalia mtu huyo ameshika mkononi mkate wa nyumba nzima. Je, kazi hiyo yafaa kutangazwa kwa tenda, kama kuleta kokoto za njia ya reli?

Uingereza walisema yafaa. Probesheni yetu ilianzishwa kwa mfano wao zamani za ukoloni, na twajua jinsi mambo ya kwao yanavyofika kwetu. Basi na tutazame yaliyowapata, kabla mtu hajatuletea habari hiyo akiiita maendeleo.

Huko hakimu aweza kuamuru mtu atibiwe ugonjwa wa pombe au wa madawa ya kulevya, mwenyewe akikubali, badala ya kumfunga. Tangu Aprili 2013 fedha za matibabu hayo zimewekwa mikononi mwa mabaraza ya miji na wilaya, nayo mara nyingi hutangaza tenda. Idara za hospitali za serikali, vyama vya hisani na makampuni hushindana. Mkataba ukiisha, tenda hutangazwa tena. Wagonjwa ni wale wale, lakini bwana ni mpya, na wafanya kazi huhamishwa kama mabehewa, kutoka injini hii kwenda ile.

Sasa tuulizane, mwenye kutaka kushinda kwa bei ndogo atapunguza nini? Kodi ya nyumba haipungui kwa sababu yeye ameomba tenda. Bei ya dawa haipungui. Kinachopungua ni mshahara wa mfanya kazi, na idadi ya wafanya kazi, na dakika za mgonjwa. Mwaka 2021 Dame Carol Black, daktari aliyepewa na serikali ya huko kazi ya kuchunguza mambo haya, alieleza kwamba mfanya kazi mmoja alikuwa akiangalia wagonjwa 50 hata 80, na pengine 100, ingawa kazi nzuri yataka wasizidi 40. Ni kweli kwamba serikali ilikuwa imepunguza fedha. Lakini tenda ndiyo iliyokuwa kisu cha kukatia, na waliokatwa ni mgonjwa na mfanya kazi.

Tena hawakuishia hapo. Mwaka 2014 probesheni yenyewe ya England na Wales iligawanywa vipande viwili. Watu wa hatari kubwa walibaki kwa serikali. Wengine wote, ndio wengi, walitolewa kwa tenda, na kuanzia Februari 2015 wakawa chini ya makampuni 21, mengi yao yenye wenyewe wa kutafuta faida. Wafanya kazi hawakunyamaza. Chama chao, Napo, kiligoma Novemba 2013, na tena mwisho wa Machi 2014. Wakubwa hawakusikia.

Nini kilifuata? Mwaka 2017 mkaguzi wa serikali aliona kwamba mahali pengine mtu wa korti aliangaliwa kwa simu tu, mara moja kwa wiki sita. Mwaka 2019, upande wa Devon, Cornwall na Dorset, wakaguzi walikuta mipango ya watu ikiandikwa bila ya mtu mwenyewe kuonwa, ili hesabu ya mkataba itimie. Kampuni yenye kazi hiyo, Working Links, ilifilisika mwezi ule ule wa Februari. Mwezi uliofuata wakaguzi wa hesabu za serikali walisema kwamba Wizara ingelipa angalau pauni milioni 467 zaidi ya zile zilizotakiwa na mikataba ya kwanza. Ndiyo bei ndogo waliyoahidiwa! Mwisho, Juni 2021, kazi yote ikarudishwa serikalini.

Na lililo baya zaidi ni kwamba walikuwa wameonywa. Mwaka 2013 ilijulikana kwamba G4S na Serco, makampuni yaliyopewa mkataba wa kuwafunga watu wa korti vyombo vya kuwachunga miguuni, yalikuwa yakidai fedha kwa watu waliokwisha rudishwa gerezani, na waliotoka nchini, na hata wengine waliokufa. Serco ikarudisha zaidi ya pauni milioni 68, na G4S zaidi ya milioni 100. Maiti ana faida kwa mwenye kulipwa kwa kichwa, maana hali, halalamiki, wala hachelewi.

Ndugu, kosa hili halitokani na ubaya wa mtu mmoja. Latokana na kazi yenyewe. Ukinunua nyama mbovu kwa mchinjaji, kesho wamwendea mwingine, naye atajifunza. Lakini mtu wa korti hawezi kwenda kwingine. Akiondoka, anarudishwa kwa hakimu. Naye anayelipa, yaani serikali, hakai katika chumba cha matibabu. Aona karatasi tu. Basi mwenye tenda ana mnunuzi asiyeona na mgonjwa asiyeweza kuondoka. Wapi patakapotoka ushindani wa kuleta kazi bora? Yatabaki mashindano ya kuandika karatasi nzuri.

Sisi wa karakana twalijua jambo hili. Mkaguzi wa mabehewa hupita na nyundo, akigonga magurudumu na kusikiliza mlio, maana gurudumu lenye ufa halilii kama lililo zima. Mlipe kwa hesabu ya magurudumu, umpunguzie na saa, naye atagonga moja na kuandika kumi. Siku ile karatasi itakuwa safi. Ajali itakuja baadaye, mteremkoni.

Watetezi wa tenda hutuambia: ofisi za serikali nazo ni mbovu, maofisa ni wachache, mafaili yamejaa vumbi. Hatukatai. Lakini ofisi mbovu ya serikali twaweza kuifuata mpaka Bungeni. Kampuni iliyofilisika utaifuata wapi? Wengine husema: basi tulipe kwa matokeo tu. Hayo nayo Uingereza walijaribu, wakafunga sehemu ya malipo na hesabu ya watu wasiorudia makosa. Lakini mtu aliyekosa nyumba na kazi hasimamishwi na mkataba, na kampuni ikiona malipo hayaji, hupunguza watu.

Wala tusisahau yetu. Mwaka 2006 reli ya Kenya na Uganda ilikodishwa kwa kampuni kwa miaka 25. Mwaka 2017 mkataba ulivunjwa huku Kenya, hata nusu ya muda haujafika. Ikiwa mkataba wa injini na mataruma, vitu vinavyoonekana na kupimwa, ulivunjika hivyo, itakuwaje mkataba wa moyo wa mtu anayejaribu kuacha chupa?

Shuleni misheni tulifundishwa habari ya mchunga kondoo wa mshahara, anayekimbia aonapo mbwa mwitu kwa kuwa kondoo si wake. Hatusemi kwamba kila mtu wa hisani au wa kampuni ni mtu wa namna hiyo. Wengi walifanya kazi kwa moyo, wakachoka wakiwa na wagonjwa 80. Twasema kwamba aliyetoa hukumu asikodishe uchungaji.

Basi hapa kwetu twataka mambo matatu. Kwanza, probesheni na matibabu yanayoamriwa na korti yabaki kazi ya serikali, yenye maofisa wa kutosha na mshahara wa kutosha. Pili, idadi ya watu wa kila ofisa iwekwe kikomo, nacho kitangazwe. Tatu, mtu ye yote akileta neno la tenda katika kazi hii, vyama vya wafanya kazi viitwe kwanza, na hesabu zote ziwekwe mezani.

Tusiseme ni shauri la walevi. Ndugu yetu anayesimama kortini leo, kesho twamtaka arudi zamuni, akiwa mzima.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi ndugu zenu wa karakana.