Eti nguo zote zililetwa na jahazi?

Nilipotea kidogo, mnajua tena mambo ya field. Leo nina hoja.

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha hapa Tanga, niliwaandikia Kidato cha Kwanza orodha ile ile tuliyokaririshwa sote: pwani ilitoa pembe za ndovu na dhahabu, ikapokea shanga, vyombo vya China na nguo. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, ina maana huku hakuna aliyejua kutengeneza nguo?" Darasa likacheka. Nami nikacheka, nikafuta ubao. Mpaka leo najilaumu.

Jibu lipo, tena ni kigae tu. Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, alikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa tundu katikati. Huko Shanga, Lamu, navyo vimepatikana. Unapitisha kijiti kwenye tundu, unakizungusha kama pia, na uzito wa kigae unaisokota pamba inakuwa uzi. Nguo huoza kwenye udongo wetu wenye unyevu. Kigae hakiozi. Halafu Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, anaeleza kuwa nguo zilizotengenezwa pale zilipelekwa hadi Misri. Yaani tulikuwa tunauza!

Sisemi za Gujarat hazikuja. Zilikuja, tena nyingi. Ninachokataa ni kufundisha kana kwamba tulikaa ufukweni tukisubiri kuvishwa.

Nimejaribu mwenyewe hosteli. Sufu hatuna, kondoo wa huku wana nywele tu. Nikaanza na sufi ya kwenye mto wangu: inateleza, haishikani kabisa. Nikatafuta pamba, nikachonga kigae cha chungu kilichovunjika, nikatoboa kwa msumari. Jioni nzima nimepata uzi wa urefu wa mkono, umejaa mafundo. Mwenzangu wa chumbani hana mbavu! Lakini sasa najua kuwa ule ulikuwa ufundi wa watu, si mchezo wa watoto.

Kwa hiyo walimu wenzangu watarajiwa, mkienda field bebeni kigae, kijiti na pamba. Haigharimu kitu, na kipindi kimoja kinatosha wanafunzi wote kujaribu.

Na wewe binti, kama unapita hapa: walijua. Nisamehe kwa kucheka.

Haya, nakimbilia kipindi. Mnasemaje?