Alifu Yake ni Maji

Ijumaa iliyopita nilikwenda msikitini na mjukuu wangu. Ana miaka sita, na ana usonji. Kipaza sauti kilipolia aliziba masikio, kisha akatikisa mikono kama ndege aliyenaswa ulimboni, akapiga ukelele. Mzee mmoja wa safu ya mbele akageuka, uso umemkunjana: "Mtoto huyu hana adabu? Mfunzeni!" Nikatoka naye kimya. Sura ya Abasa sote tumeihifadhi tungali wadogo, na bado twakunja paji.

Lakini neno lile, mfunzeni, limenikaa moyoni. Tumfunze nini, na vipi?

Binti yangu ameelekezwa kwenye tiba ya mwenendo. Si dawa wala sindano. Jambo kubwa hukatwakatwa likawa madogo, na kila dogo mtoto akilipata hutunzwa papo hapo, kwa tende au kwa kitu akipendacho. Kunawa mikono ni kufungua mfereji kwanza; hilo likishika ndipo waendelea na sabuni. Wewe uliyepita chuoni hutashangaa. Tulianza alifu kwa kijiti, ubaoni. Hakuna aliyeanzia Albakara.

Ila chuoni palikuwa na henzirani, na tiba hii nayo ilikuwa na yake. Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitoa taarifa mwaka 1987 juu ya watoto 19 waliofunzwa saa 40 kwa wiki, miaka miwili au zaidi. Alisema 9 kati yao waliingia darasa la kwanza pamoja na wenzao. Habari hiyo ilivuma. Isiyovuma sana ni kwamba katika mafunzo yale mtoto alikemewa, na pengine kupigwa kofi pajani. Na miaka ya 1960 bwana huyo aliwashtua watoto kwa umeme. Leo wafunzaji wengi wameitupa henzirani hiyo, hufunza kwa mchezo. Hata hivyo watu wazima wenye usonji waliopitia tiba hii utotoni wanasema kilichowaumiza si kofi peke yake. Ni kulipwa kila siku wajifiche: tuliza mikono, nitazame machoni.

Hapo ndipo ninapogomba. Mjukuu wangu hasemi. Zamani akiona kiu aligonga kichwa ukutani mpaka mtu abahatishe. Mfunzaji wake akampa picha ya bilauri. Akiileta, hupewa maji pale pale. Ilichukua majuma mengi, binti yangu akalia na kukata tamaa mara mbili, lakini leo mtoto aleta picha, na ukuta umepumzika. Kwa hilo mfunzaji namwombea kheri. (Kombe pia tumemnywesha, wala dua sikatai, lakini kombe halikumwonyesha namna ya kuomba maji.)

Kisha mfunzaji akataka kuiondoa ile mikono, na mtoto akaze macho. Binti akaniuliza, "Baba, wasemaje?" Nikamwambia: mikono iacheni. Haimdhuru mtu, nayo ndiyo imtulizayo kelele zikimzidi. Na macho? Tangu lini mtoto wa Kiswahili akaambiwa adabu ni kumkodolea mzee?

Saa 40 kwa wiki nazo ni kazi ya mshahara, na binti yangu huamka alfajiri kukaanga maandazi ya kuuza. Basi twafunza palipo na kazi yenyewe: kwenye chakula, kuoga, kuvaa viatu. Shangazi ameshajua, nami najifunza, ingawa napenda kumpa kitu kabla hajaomba, nikagombezwa.

Ijumaa ijayo tutakwenda tena, mapema, kabla kipaza sauti hakijalia, tukae nyuma kabisa. Mfukoni nitakuwa na picha mbili, ya bilauri na ya mlango. Akinipa ya mlango, tutatoka.