Ukumbi wa Mabondia, au Jiwe la Msingi Tena?

Sisi wa Kahawa Sukari hatuwezi kwenda mjini bila kupita Kasarani. Uwanja ule ulijengwa kwa Michezo ya Afrika ya 1987, ile ambayo Robert Wangila na wenzake wa Hit Squad, timu yetu ya taifa ya ndondi, walijizolea dhahabu hapa hapa nyumbani. Kwa mashindano ya soka ya CHAN ya Agosti 2025 ulipigwa msasa upya, na hatukulalamika, maana Harambee Stars nao ni wetu. Kule Ngong Road tunajengewa mwingine wa watu 60,000. Haya, pesa za zege zipo. Chumba kimoja cha kuwakumbuka mabondia wetu wa ridhaa ndicho kinachotushinda?

Medali zote ambazo Kenya imewahi kupata katika Olimpiki zimetokana na michezo miwili tu: riadha na ndondi. Riadha haihitaji mtetezi. Ndondi zina medali saba, na wa kuzitaja zote mtaani sasa ni wazee wachache, nao wanapungua.

Chukua Philip Waruinge. Mexico, 1968, alipata shaba, kisha akakabidhiwa kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia mwenye ufundi kuliko wote katika Olimpiki nzima. George Foreman alikuwa kwenye mashindano hayo hayo na akatoka na dhahabu shingoni, lakini kombe lilikuja kwa kijana wa Nakuru. Miaka minne baadaye, Munich, Waruinge akaongeza fedha, huku Dick Murunga na Samuel Mbugua wakirudi na shaba. Steve Muchoki akawa bingwa wa dunia wa ridhaa, Belgrade, 1978. Ibrahim Bilali alileta shaba kutoka Los Angeles 1984, na Chris Sande nyingine kutoka Seoul 1988. Seoul ndiko Wangila alikomwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali. Alikuwa na miaka 21. Miaka sita baadaye alifariki Las Vegas baada ya pigano. Tangu Seoul hatujapata medali nyingine ya ndondi za Olimpiki, na Paris 2024 hatukuwa hata na bondia mmoja.

Sasa ingia kwa kinyozi yeyote hapa stejini. Ukutani kuna Tyson, kuna Ali, kuna Mayweather na mikanda yake, na chini yao bei ya kunyoa ndevu. Kijana aliye kwenye kiti atakusimulia mapigano yote ya Mayweather. Mtajie Murunga, atakuuliza alichezea timu gani. Usimcheke. Angemwona wapi?

Tunasisitiza ndondi za ridhaa kwa sababu. Bondia wa kulipwa ana mkanda, ana promota na ana mikanda ya video. Wa ridhaa aliajiriwa polisi au magereza, akapigana katika kumbi za mtaa kama Kaloleni, halafu Jumatatu akarudi kazini. Waliowaona Chafua Chafua, kikosi cha polisi, wakipanda ulingoni wanajua tunasema nini. Ushahidi wa bondia huyo wa ridhaa ni medali, fulana iliyochujuka na kipande cha gazeti ndani ya sanduku chini ya kitanda. Mzee akifa, watoto wakihama, sanduku hilo linaenda na takataka. Na mara nyingi habari zake tunazipata upya tunapoombwa mchango wa hospitali, au wa mazishi.

Wamarekani wana ukumbi wao wa mashujaa wa ndondi pale Canastota, mji mdogo tu wa jimbo la New York. Sisi tuna Sheria ya Mashujaa tangu 2014, na kila Oktoba 20, Siku ya Mashujaa, tunasimama juani kusikiliza hotuba.

Tunajua lakini jinsi mambo yanavyokwenda. Kutaundwa kamati, kamati itasafiri kwenda Canastota kujifunza, na itarudi na marupurupu na picha. Litawekwa jiwe la msingi chini ya hema. Picha ya kwanza ukutani itakuwa ya mheshimiwa aliyekata utepe, ya pili ya mwenyekiti, na Waruinge atatafutiwa nafasi karibu na choo.

Kwa hivyo tunasema mapema. Viongozi wa ndondi wasijiingize wenyewe kwenye orodha ya watakaoenziwa ukumbini. Makocha waingie, wale waliofundisha watoto bure kwa glavu za kuazimana. Elizabeth Andiego aingie, mwanamke wetu wa kwanza kupigana Olimpiki, London 2012, na Christine Ongare aliyeleta shaba ya Jumuiya ya Madola 2018. Anzeni na kinasa sauti kabla ya saruji: mtu aende Nakuru, aende Pumwani, awarekodi wazee wangali na kumbukumbu. Hiyo haihitaji tenda. Na kiingilio kisizidi nauli ya kutoka Githurai, la sivyo mtakuwa mmewajengea watalii.