Nafaqa ya Mtoto Haikatiki kwa Talaka

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, msimu wa kahawa unapofika hapa Bukoba na Muleba, fedha huingia mikononi mwa akina baba wengi. Lakini wapo watoto wasiouona msimu huo, kwa kuwa mama yao aliachwa akarejea kwao. Baba akiulizwa hujibu: "Akitaka matumizi, anirudishie mwanangu." Na aliyekwenda kuvua Bumbire hata haulizwi, maana hapatikani.

Nchini Kanada, wazazi waliotengana wakilea mtoto kwa muda unaokaribiana, serikali humpa kila mmoja nusu ya posho ya mtoto. Kwetu sisi, kodi ya mshahara haiulizi mtu ana watoto wangapi. Ada hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare na madaftari bado hununuliwa. Mzigo ni wa wazazi wawili, na Uislamu umekwisha kuugawa.

Aya ya 233 ya Suratul Baqara inamkalifisha baba chakula na mavazi kwa kadiri ya uwezo wake, na inakataza mzazi yeyote kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe. Hind bint Utba aliposhitaki kwa Mtume (SAW) ubahili wa mumewe, Abu Sufyan, aliruhusiwa kuchukua kinachomtosha yeye na watoto wake kwa wema. Basi nafaqa ni haki ya mtoto, wala si malipo ya utiifu wa mama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inambebesha baba wajibu huo, mtoto akiwa kwake au kwa mwingine.

Tunawanasihi masheikh na wazee wa pande mbili: talaka inapotolewa, yaandikwe mbele ya mashahidi mtoto atakaa wapi, baba atatoa nini kila mwezi, na nini wakati wa mavuno. Asiye na fedha ana mkungu wa ndizi kibanjani; autoe huo. Na mama asimfiche mtoto baba yake, kwani kumwona baba nako ni haki ya mtoto. Atakayekaidi, mahakama ipo, na mbele yake ipo hesabu ya Siku ya Kiyama.

Wabillahi tawfiq.